Suruali kwanza, kofia baadaye

Swali: Fundi, shikamoo. Nina miaka 28, ni karani wa bohari Industrial Area na ninaishi Umoja. Nimekutumia picha ya babu yangu aliyopigwa studio hapa Nairobi mwaka 1958, alipokuwa akifanya kazi Reli. Nataka kuvaa namna hiyo kila siku ya kazi, si siku ya harusi peke yake. Nimejaribu kwa miezi miwili na nimekuwekea picha yangu pia. Ofisini wananiita Pasta, na juzi mjomba aliniuliza kwa nini navaa kama DC wa mkoloni. Pesa zimekwenda na bado naonekana kama mtu wa maigizo. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Picha zako mbili zimekaa kando ya cherehani yangu tangu Jumanne, na kila nikipumzisha macho nazitazama. Nianze na ya babu, kwa sababu majibu mengi yamo humo.

Tazama mkono wa kushoto wa lile koti. Kama inchi moja juu ya ukingo kuna mstari mwembamba, umekoza kidogo kuliko kitambaa kilio kando yake, na unauzunguka mkono mzima. Hiyo ni alama ya pindo la zamani. Kitambaa kikikaa kimekunjwa miaka mingi, ule mkunjo hulika na kushika uchafu, na hata ukiufungua na kuupiga pasi ya mvuke alama haitoki. Mikono ya koti hilo ilirefushwa. Lilikatiwa mtu mwenye mikono mifupi kuliko ya babu yako, kisha fundi fulani akafungua pindo akampa inchi ya ziada. Sasa shuka kwenye suruali. Koti linameza mwanga wa studio, suruali inaurudisha kidogo. Ni vitambaa viwili tofauti. Siku ile babu yako hakuwa amevaa suti. Alikuwa na koti lililokwisha kuvaliwa na mwingine, na suruali aliyoitafuta hadi ikakaribiana nalo rangi. Nimelazimika kuchukua lenzi ndipo nikaona.

Ndiyo maana neno la mjomba wako limenigusa, na namjibu kwa heshima zote. DC alivaa kaki na kofia ngumu ya jua. Koti la vifungo safu mbili kama la babu yako halikuwa sare yake. Mwaka 1958 Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa, na Mwafrika ndani ya Nairobi aliishi kwa vibali. Machi mwaka uliotangulia, Waafrika wanane wa kwanza walikuwa wamechaguliwa na Waafrika wenzao kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Tom Mboya, aliyechaguliwa hapa Nairobi, alikuwa na miaka 26, mdogo kuliko wewe leo. Tafuta picha zake za miaka ile uone namna koti lilivyomkaa begani. Vijana wa mjini walimtazama. Karani wa Reli aliyejikusanyia nguo namna ile, akaenda kulipia picha, alikuwa anaweka kumbukumbu ya hadhi yake katika mji uliokuwa ukimnyima hadhi hiyo kila siku. Ukivaa hivyo leo, unamfuata yeye.

Nakuja kwenye picha yako. Kofia ya pama, tai ya kipepeo, kizibao, mnyororo wa saa ya mfukoni, mikanda ya mabegani yenye vibanio, na juu ya hayo mshipi kiunoni. Mikanda ya mabegani na mshipi kazi yao ni moja, kwa hiyo kimoja kati ya hivyo kipo kwa ajili ya kutazamwa tu. Na chini ya yote hayo kuna suruali ya kubana, imekaa kwenye nyonga, mguu umekazwa hadi kifundoni. Mapambo yote ni ya 1940 na mkato wote ni wa 2015. Mtu wa kawaida hajui historia ya mavazi, lakini macho yake yanajua mwili. Anaona kiwiliwili kirefu juu ya miguu mifupi, na shati likichungulia kati ya kizibao na suruali. Anajua kuna kitu hakikai, asijue ni nini, basi anakuita Pasta.

Vua vyote hivyo uviweke sandukuni. Utaanza na suruali.

Suruali ya kina babu ilikaa kitovuni. Chukua tepu, pima kuanzia pale mishono ya miguu inapokutana hadi ukingo wa juu wa kiuno, kwa mbele. Suruali yako ya sasa, nikiangalia picha, haitazidi inchi 8 au 9. Unayohitaji ni ya inchi 11 na nusu au 12, na mtu mrefu huenda mbele zaidi. Hapo juu ndipo kiuno cha binadamu kilipo hasa, na nguo ikishikwa hapo hujining'iniza yenyewe mpaka chini bila kung'ang'ania paja. Miguu huonekana mirefu. Koti likifungwa, kifungo chake hukutana na kiuno cha suruali, na ile pembetatu ya shati nyeupe inayochungulia tumboni inatoweka. Hapo nusu ya tatizo lako imekwisha hata kabla hatujagusa koti.

Marinda mawili kila upande, na uyaone kama sehemu inayofanya kazi. Ukisimama yanalala, ukikaa yanafunguka na kulipa paja nafasi. Mtu anayepanda matatu ya Umoja magoti yakiwa yamegusa kiti cha mbele anahitaji nafasi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Chini, mguu ukilazwa mezani uwe na upana wa inchi 9 au 9 na nusu. Za miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa pana zaidi ya hapo, lakini kwa mtu anayeruka mitaro na kushuka gari likiwa halijasimama vizuri, hapo panatosha. Pindo likunjwe kwa nje, inchi moja na nusu hivi. Uzito wa mkunjo huo huivuta suruali ianguke wima. Utakusanya vumbi humo, kwa hiyo kila jioni ligeuze ulipige brashi. Na akitokea mjuaji akwambie suruali ya miaka ya 1940 lazima iwe na mkunjo, mwambie kwamba mwaka 1942 serikali ya Uingereza iliupiga marufuku ili kuokoa kitambaa wakati wa vita, pamoja na makoti ya vifungo safu mbili. Mgao wa nguo ulioanza Juni 1941 haukuisha hadi 1949.

Suruali ya kubana haigeuzwi kuwa hii. Fundi anaweza kupunguza. Kitambaa ambacho hakipo hawezi kukiumba. Kwa hiyo ama ushonewe, ama utafute yenye mkato huo tayari. Ukishona, nenda Biashara Street ukiwa na muda, ushike vitambaa kwa mkono kabla ya kuuliza bei. Mita moja na nusu ya kitambaa cha upana wa inchi 60 itakutosha kwa kimo nilichokiona. Ongeza robo mita kwa ajili ya mkunjo. Mwambie fundi akuachie kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa nyuma. Utanenepa, sote tunanenepa, na inchi mbili hizo zitakuokoa.

Ukienda mitumba, usiende soko la Gikomba kutafuta nguo ya mwaka fulani. Hapa ndipo vijana wengi wanapoteza pesa. Marobota yale ya kilo 45 yamejaa nguo zilizotolewa kabatini juzijuzi, na koti la kweli la 1945 ndani yake ni bahati ya maisha. Si kwamba halipatikani kabisa. Nguo ya Marekani isiyo na lebo ya maelekezo ya kufua huenda ni ya kabla ya 1972, mwaka ambao sheria yao ilianza kulazimisha lebo hiyo. Ukifungua mfuko wa ndani ukakuta kilebo cha chama cha wafanyakazi kinachoitwa Amalgamated Clothing Workers of America, ujue koti ni la kabla ya 1976, kwa maana mwaka huo chama kiliungana na kingine kikabadili jina. Nguo ya Uingereza yenye alama ya CC41, ile ya mpango wa serikali wa wakati wa vita, ni ya kati ya 1941 na 1952; hiyo nimeishika mara moja tu katika maisha yangu, na mikono ilinitetemeka. Lakini vitu hivyo ni vya kufurahia vikikujia. Huwezi kuvitegemea vikuvishe Jumatatu hadi Ijumaa.

Tafuta mkato. Katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzo wa 1990 washonaji wa Ulaya na Marekani walirudi nyuma wakachukua bega pana, marinda na kiuno cha juu cha enzi ya kina babu. Hizo bado zimo kwenye mitumba. Miaka mingi suruali za marinda zilikuwa zikiishia fagia, yaani masalio ya bei ya chini, maana waliokuja alfajiri kuchagua kamera, zile nguo bora za robota, walitaka za kubana. Sasa pana zimeanza kurudi na bei inapanda, basi damka. Soko la Toi utakuta zimekwisha kutundikwa na kuchaguliwa, utalipa zaidi lakini utajaribu kwa utulivu.

Koti ulijaribu hivi: livae, lifunge, kisha inua mkono wa kulia kana kwamba umeshika chuma cha juu ndani ya basi. Likipanda lote hadi kola ikakugusa sikio, lirudishe. Likibaki mahali pake na mkono tu ndio ukapanda, umepata. Siri iko kwapani. Makoti ya zamani yalikatwa tundu la mkono dogo na la juu, karibu kabisa na kwapa. Watu hudhani tundu kubwa ndilo linalompa mtu uhuru, na kumbe ni kinyume: tundu kubwa la chini linaubeba mwili mzima wa koti kila ukiinua mkono. Bega nalo likae sawa palepale dukani. Mikono ninaweza kuipunguza, kiuno ninaweza kukibana, lakini bega likizidi, kulifungua ni karibu kuliunda koti upya, na utanilipa kwa kazi hiyo zaidi ya ulivyolinunua.

Bado uko sokoni. Shika kifua cha koti chini ya tundu la kifungo la mwisho, kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja, bitana kwa mkono mwingine, uvitenganishe taratibu. Ukihisi kuna tabaka la tatu linaelea katikati, limeshonwa kwa mkono au kwa mashine, hilo ni koti la kudumu. Ukihisi tabaka la nje ni gumu na hakuna kinachoelea, kifua kimebandikwa kwa gundi. La gundi si dhambi kulinunua likiwa la bei ndogo, ila ujue tabia yake. Mwaka fulani nilipata koti la kijivu, flana, bega kama limepimwa kwangu. Nikalipeleka kwa dobi mmoja wa mashine, sitamtaja, naye akalipitisha kwenye joto kali. Liliporudi, kola zote mbili zilikuwa zimetoka malengelenge kama mkono uliomwagikiwa na uji wa moto. Gundi ikishaachia namna hiyo haishiki tena. Nililia moyoni. Kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa sikuwa nimeshika kifua chake kabla ya kulipeleka.

Kuhusu kitambaa nina msimamo na sitaubadilisha: poliesta tupu ndani ya matatu saa moja asubuhi ni adhabu. Ng'oa uzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome ukiwa nyumbani. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto huzimika wenyewe, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikaacha kishanga kigumu. Watu wananiambia sufu ni ya Ulaya, hapa kuna joto. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wewe mwenyewe unajua Julai ilivyo. Sufu nyepesi ya siku hizi, ya gramu 250 hadi 300 kwa mita, inavalika hapa mwaka mzima. Yale makoti mazito ya zamani, ambayo yalifika gramu 500 kwa mita, yaachie asubuhi za Juni hadi Agosti. Mvua za Machi hadi Mei vaa pamba nzito ya rangi ya udongo, maana matope hayajali historia ya nguo.

Sasa nikuambie ulipo mtaala bora kuliko picha zote za mtandaoni. Jumapili moja nenda kituo cha magari ya Murang'a, Nyeri au Machakos, ukae tu. Utaona wazee wakishuka: koti la sufu, sweta ndani yake, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, suruali pana imekaa kitovuni, pama kichwani, kiatu kimepigwa kiwi. Hawaigi mtu. Wamevaa hivyo mfululizo tangu ujana wao, na ndiyo nguo ya kwenda sokoni, kanisani na kwa chifu. Angalia kofia zao zilivyochukua umbo la vichwa vyao, na makoti yalivyolegea kwenye kiwiko. Ndugu zetu wa Brazzaville na Kinshasa, wale watanashati wa Sape ambao marehemu mwanamuziki Papa Wemba aliwapa sauti, wana kanuni nzuri ya kutozidisha rangi tatu mwilini, na hiyo ichukue mara moja. Lakini wao huvaa ili barabara isimame iwatazame. Wewe umeniuliza habari za siku ya kazi, na mwalimu wako ni yule mzee wa Machakos.

Kwa hiyo kwa miezi mitatu ijayo, suruali mbili za kiuno cha juu, moja ya kijivu na moja ya kahawia. Mashati meupe au ya maziwa, kola yenye ncha ndefu. Kama huipati, niletee shati refu, nitakata kola mpya kutoka kwenye mkia wake, kazi ambayo mafundi wa hapa wameifanya miaka yote kwa mashati yaliyochakaa shingoni. Koti moja. Mikanda ya mabegani ukiipenda, iwe ya kufunga kwa vifungo sita vilivyoshonwa kiunoni, na mshipi uuache nyumbani. Tai ya kawaida badala ya kipepeo, lakini tai za leo zina urefu wa inchi 57 au 58, zimekatiwa suruali za nyonga. Kwako itashuka chini mno. Nitaipunguza kutoka upande mwembamba, ni kazi ya robo saa. Saa ya mfukoni iache. Kofia itarudi baada ya miezi hiyo mitatu, kwa sababu ya jua, na kwenye boda utaishika mkononi uvae helmeti kama watu wengine.

Nguo ikitoka sokoni, usiiingize kabatini moja kwa moja. Nondo hutaga ndani ya kola na chini ya mifuko, usiwaone. Ipige brashi juani, uigeuze mifuko, kisha kama una friza ifunge vizuri kwenye mfuko usiopitisha unyevu, uiache humo wiki mbili. Koti la sufu halifuliwi kila wiki. Brashi, hewa ya dirishani usiku mmoja, na siku ya kupumzika kati ya kuvaa na kuvaa.

Ofisini watakuita Pasta kwa wiki kadhaa zaidi. Ukiwa karani wa bohari, vaa dastikoti juu ya shati lako kama wengine ukiingia ndani, na koti ulitundike. Wanaofanya kazi na wewe wakishaona kwamba suruali ile inapanda ngazi, inainama kuhesabu makatoni, na Alhamisi imerudi tena ikiwa imepigwa pasi, mazungumzo yatahamia kwenye mpira.

Jambo moja nakuomba kwa ajili yangu mwenyewe. Muulize nyanya yako, kama yupo, koti lile lilitoka kwa nani. Wazee huwa wanakumbuka.

Na ukija kupimwa, njoo na kiatu utakachovaa nacho kazini. Urefu wa suruali siupimi mtu akiwa na soksi.